Siku moja Ayutthaya kwa baht 500: mwongozo kwa anayesubiri mzigo Bangkok

Mzigo umeshafungwa, jamaa wa karago wamesema unaondoka keshokutwa, na wewe uko Pratunam, soko la nguo la Bangkok, huna la kufanya. Wengi wetu siku hiyo tunaimalizia chumbani tukihesabu hela iliyobaki, au tunarudi sokoni kununua vitu ambavyo hata hatukuvipanga. Mimi nilifanya hivyo safari nne. Safari ya tano nikapanda treni ya baht 15 nikaenda Ayutthaya, mji wa kale wenye magofu, na tangu hapo kila nikija Bangkok naitenga siku moja kwa ajili ya kule.

Nimezaliwa Kilwa Masoko. Magofu kwangu si kitu kigeni. Tumekua tukiyaona ng'ambo ya maji, tukivuka na mashua kuwapeleka wageni Husuni Kubwa, na wala hayakutushughulisha. Ilibidi niende Siam, yaani Thailand ya leo, ndipo nijue namna ya kuyaangalia. Kwa hiyo humu nitakupa nauli na njia, lakini pia nitakukasirikia ukikimbia. Mara ya kwanza nilitaka kumaliza mahekalu saba kwa siku moja. Nilipofika la tano matofali yote yalikuwa yamekuwa mamoja machoni pangu, sijui lipi la mfalme yupi, na miguu inawaka moto. Chagua matatu au manne. Mengine yaache, yana miaka mia kadhaa pale, hayakimbii.

Kwa ufupi, unakwenda kuona nini. Ayutthaya ulikuwa mji mkuu wa Siam kuanzia 1351 hadi 1767, zaidi ya miaka 400. Uko kilomita kama 80 kaskazini ya Bangkok, kwenye kisiwa kilichozungukwa na mito mitatu: Chao Phraya, Pa Sak na Lopburi. Aprili 1767 jeshi la Burma (Myanmar ya leo) liliuteka na kuuchoma, na haukuinuka tena. Matofali yake mengine yalipakiwa kwenye majahazi yakateremshwa mtoni kwenda kujenga Bangkok. UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1991, miaka kumi baada ya Kilwa Kisiwani. Na usidhani sisi na wao hatujawahi kuonana. Tomé Pires, Mreno aliyekuwa Malacca, bandari iliyoko Malaysia ya leo, mwanzoni mwa miaka ya 1500, alipoorodhesha wafanyabiashara waliofika bandarini pale aliwataja watu wa Kilwa na wa Malindi, na katika orodha hiyohiyo wamo watu wa Siam. Kwa hiyo wewe unayekwenda Bangkok kufuata nguo si wa kwanza katika biashara hii.

Hatua ya kwanza: siku na maandalizi

Novemba hadi Februari ndiyo hali nzuri. Machi hadi Mei ni joto la kukausha ubongo. Septemba na Oktoba mito inajaa, na mwaka 2011 mafuriko yaliingia mpaka ndani ya mahekalu. Ukijikuta huko miezi ya joto nenda tu, ila anza mapema na usione aibu kukaa kivulini.

Usiku wa kabla andaa hivi: noti ndogo ndogo, za baht 20 na 100, kwa sababu mwenye kivuko hatakuchenjia elfu moja. Nguo ya kufunika mabega na magoti. Kina dada, khanga moja kwenye mkoba inatosha kila kitu: ni ya kujifunika, ya kukalia, na ya kujipangusia jasho. Kofia, chupa ya maji, na nakala ya pasipoti. Narudia, nakala. Nitaeleza sababu tukifika kwenye baiskeli.

Hatua ya pili: fika stesheni iliyo sahihi

Hapa ndipo watu wanapotea. Bangkok ina stesheni kubwa mbili. Tangu Januari 2023 treni za safari ndefu zinaondokea Krung Thep Aphiwat, ile mpya iliyoko Bang Sue, kubwa kama uwanja wa ndege. Treni za kawaida, zile za bei chee zinazosimama kila kituo, bado ziko Hua Lamphong, stesheni ya zamani iliyofunguliwa mwaka 1916. Ukimwambia dereva "stesheni ya treni" tu, atakupeleka anakotaka yeye.

Kutoka Pratunam mimi natembea hadi kituo cha Ratchaprarop, nyuma kidogo ya jengo la Baiyoke, napanda treni ya uwanja wa ndege kituo kimoja tu hadi Makkasan, navuka kwenye daraja la waenda kwa miguu mpaka Phetchaburi, kisha treni ya chini ya ardhi moja kwa moja mpaka Hua Lamphong. Kwenda na kurudi ni kama baht 100 yote kwa yote. Ni rahisi kuliko inavyosomeka.

Ratiba hubadilika, kwa hiyo hakikisha siku moja kabla. Na hapa angalia saa zako: ratiba ya treni imeandikwa kwa saa 24, na sisi tuna tabia ya kusoma 7 tukasema saa saba. Hapo 7 ni saa moja asubuhi. Kuna jambo lilinifurahisha sana katika hili. Mama mmoja muuza juisi pale stesheni alinifundisha kwamba Wathai nao, wakiongea wenyewe kwa wenyewe, saa moja jioni hawasemi saba, wanasema "nueng thum", yaani moja. Inayofuata ni mbili, kisha tatu, hadi tano, sawasawa na sisi. Hata asubuhi, kwa hesabu ya kizamani, saa yao ya pili ni saa yetu ya pili. Nimezunguka nchi nyingi kwa biashara, na hapo tu ndipo sikulazimika kumweleza mtu kwa nini Mswahili anahesabu hivyo.

Hatua ya tatu: tiketi ya daraja la tatu

Dirishani sema "Ayutthaya", nyoosha vidole vitatu, sema "third class". Treni ya kawaida ni baht 15. Akikutajia zaidi ya baht 200, amekupa ile ya haraka yenye kiyoyozi, inakwenda palepale. Mwambie hapana, kwa tabasamu.

Behewa la daraja la tatu lina feni za darini na madirisha yanayofunguka. Viti havina namba, unakaa unapopata, isipokuwa vile vilivyotengwa kwa watawa wenye mashuka ya rangi ya chungwa. Hivyo waachie. Kama wewe ni mwanamke, usikae ukagusana na mtawa na usimpe kitu mkono kwa mkono. Si dharau kwako, ni sharti lake yeye. Chukua kiti cha dirishani. Wachuuzi hupita na ndoo za vinywaji na vifuko vya wali wa kunata na kuku, na kelele zao zitakukumbusha stendi ya mabasi ya nyumbani.

Safari ni karibu saa mbili, pengine na zaidi, maana treni ya baht 15 inaheshimu kila treni inayotaka kuipita. Kituo cha Bang Pa-In kikipita, anza kufunga begi. Ukichelewa treni ya asubuhi, Hiace za Ayutthaya zinaondokea stendi ya Mo Chit kwa nauli isiyofika baht 100, ila utakosa dirisha.

Hatua ya nne: kivuko na baiskeli

Ukitoka tu stesheni watakuzunguka wenye bajaji. Za kule zina kichwa cha mviringo kama chura, zinapendeza. Watakuonyesha picha za mahekalu zilizowekwa plastiki na kukutajia bei ya kuzungushwa kwa saa. Kama mko watatu au wanne, au una mzee, si mbaya: patana bei kabla ya kupanda, taja na idadi ya mahekalu. Kama uko peke yako, washukuru, vuka barabara, fuata kichochoro kilicho mbele yako moja kwa moja mpaka mtoni. Kuna kivuko kidogo cha injini cha kuvuka Pa Sak. Nimekilipia baht 5, na baadaye baht 10. Dakika mbili uko kisiwani.

Baiskeli zinakodishwa pande zote mbili za mto kwa baht 50 hivi kutwa nzima. Sasa ile hadithi ya pasipoti. Safari yangu ya kwanza nilimwachia mwenye duka pasipoti yenyewe. Jioni narudi, duka limefungwa, mwenyewe kaenda kwenye shughuli ya familia. Nilikaa kwenye ngazi za duka lile kwa saa moja na nusu nikiangalia treni yangu inavyoondoka kwenye ratiba, hadi alipokuja jirani mwenye funguo. Toa nakala, au acha amana ya fedha. Akikataa, duka la pili halitakataa.

Kabla hujalipa, ipande. Bana breki zote mbili. Zungusha pedeli kinyumenyume usikie kama mnyororo unakwama. Bonyeza matairi kwa dole gumba. Pandisha tandiko, maana wengi wao ni wafupi na wewe usipolipandisha magoti yatakugonga kidevu. Uliza saa ya kufunga, waandike kwenye karatasi. Piga picha bango la duka. Endesha kushoto, kama nyumbani. Nchi ile nayo inakwenda kushoto, hilo halitakusumbua. Mbwa watakusumbua kidogo. Usikimbize baiskeli mbele yao, pita polepole.

Hatua ya tano: Wat Mahathat, na hapa usiharakishe

Barabara ya Naresuan inakutoa kivukoni, inapita soko la Chao Phrom, na baada ya kilomita moja na kitu inakufikisha Wat Mahathat. Neno "wat" ni hekalu. Kiingilio nimelipa baht 50. Wakati huo kulikuwa pia na tiketi ya pamoja ya mahekalu sita kwa baht 220, lakini ukifuata ushauri wangu wa matatu au manne haikulipi. Viingilio hupandishwa, kwa hiyo beba mia moja au mbili za akiba.

Hekalu hili lilianza kujengwa 1374. Mnara wake mkuu ulianguka mwaka 1911, na sasa umebaki msingi kama kichuguu kikubwa cha matofali. Jifunze majina mawili tu na utaelewa mji mzima: mnara wenye umbo la kengele na ncha ndefu unaitwa chedi, ule ulionona katikati, kama gunzi la hindi, unaitwa prang. Utaona mingine imelala upande kwa sababu udongo ule wa mtoni unatitia.

Wote wanakwenda kwenye kichwa. Ni kichwa cha sanamu ya Budha, cha jiwe la mchanga, kimeshikwa na mizizi ya mti wa jamii ya mkuyu chini kabisa ya shina. Mwili haupo. Uso umetulia, macho yameinama, na mizizi imepita juu ya utosi na kando ya mashavu, ikakaza taratibu kama mtu anayefunga kilemba. Ukikaribia utaona kwamba mzizi mmoja umebanduka gamba karibu na shavu la kulia na rangi yake inafanana na ya jiwe, mpaka unashindwa kujua mti unaishia wapi. Ukisimama mbele yake kupiga picha, mlinzi atakuonyesha kwa kiganja: shuka, shuka. Kichwa chako kisiwe juu ya kichwa cha Budha. Chuchumaa. Mimi ni Mwislamu, na kuchuchumaa pale hakukunipunguzia kitu. Ni sawa na kuvua viatu nyumbani kwa watu.

Halafu ondoka kwenye foleni ya picha, nenda nyuma, upande ambao hakuna mtu. Kuna safu za Budha waliokaa bila vichwa, mmoja baada ya mwingine, wengine wamefungwa kitambaa cha rangi ya chungwa begani. Vichwa vingine vilivunjwa wakati wa vita, vingine vilikatwa na wezi miaka iliyofuata vikauzwa kwa wakusanyaji wa vitu vya kale. Usiweke kichwa chako juu ya bega la sanamu ili upigwe picha. Ni kosa kubwa kule, na mabango yamesema. Kaa tu kwenye kivuli dakika ishirini. Angalia namna matofali yalivyokuwa na chokaa juu yake, pale ambapo bado imeshikilia. Nilipoona chokaa ile iliyobanduka nikakumbuka kuta za Kisiwani, na nikaona haya kwa miaka yote niliyozipita.

Hatua ya sita: ng'ambo ya barabara

Wat Ratchaburana iko upande wa pili wa barabara, lakini wengi wanairuka kwa sababu haina kichwa ndani ya mti. Usiiruke. Mwaka 1424 mfalme alifariki, na wanawe wawili wakubwa wakapigania kiti wakiwa juu ya tembo. Wakauana wote wawili. Mdogo wao ndiye aliyetawala, akajenga hekalu hili mahali walipochomwa maiti zao.

Prang yake bado imesimama na unaruhusiwa kupanda. Juu kuna ngazi nyembamba za kushukia ndani, mwinuko mkali, joto kama tanuri, popo wanasikika. Chini kuna chumba kidogo chenye michoro iliyofifia ukutani. Humo ndimo dhahabu ya wafalme ilimokuwa hadi 1957, wezi walipovunja wakaondoka na sehemu kubwa. Iliyobaki iko kwenye makumbusho ya Chao Sam Phraya mjini hapohapo. Mwenye presha au anayeogopa sehemu zilizobana asishuke.

Hatua ya saba: kula

Jua la mchana likikaza, simama. Tambi za supu kwenye vibanda ni baht 40 hadi 60. Anayetafuta halali asihangaike: Ayutthaya ina Waislamu tangu enzi za wafalme. Sheikh Ahmad, mfanyabiashara kutoka Qom, Uajemi, alifika hapo mwanzoni mwa miaka ya 1600, akapanda hadi kuwa mtumishi mkubwa wa mfalme, na kaburi lake liko ndani ya eneo la chuo kikuu kimoja mjini. Tafuta alama ya kijani ya halali au mama mwenye ushungi nyuma ya sufuria.

Hatua ya nane: minara mitatu

Magharibi kidogo, ukipita bustani yenye bwawa, ipo Wat Phra Si Sanphet, hekalu la ndani ya kasri. Chedi zake tatu zilizopangwa mstari ndizo unazoziona kwenye kila kadi ya posta. Majivu ya mfalme Trailokanat na wanawe wawili yaliwekwa humo. Palikuwa pia na Budha aliyesimama, urefu wa mita 16, amefunikwa dhahabu. Jeshi la 1767 liliwasha moto kuiyeyusha.

Jengo la pembeni, Wihan Mongkhon Bophit, halina kiingilio. Vua viatu, ingia, uone Budha wa shaba aliyejaa chumba kizima. Miaka ya 1950 Waziri Mkuu wa Burma alichangia fedha za kulijenga upya. Nililipenda jambo hilo kuliko sanamu yenyewe.

Tembo wa kupanda wako karibu na hapo. Mimi sipandi. Kama una hela hiyo, kanywe juisi ya machungwa na ubaki na chenji.

Hatua ya tisa: kama miguu bado inadai

Mbele zaidi, bila kiingilio, kuna Budha aliyelala wa Wat Lokayasutharam, karibu mita 40 za matofali na chokaa kwenye uwanja wa wazi. Dakika kumi zinatosha. Kutoka hapo vuka daraja la magharibi uende Wat Chaiwatthanaram, iliyojengwa 1630 na mfalme Prasat Thong kando ya Chao Phraya. Alasiri vijana wa Kithai wanakuja wamekodi mavazi ya kale, mashati ya hariri na maua kichwani, na jua linawapiga mgongoni huku prang zikigeuka rangi ya kutu. Ni pazuri kuliko pote. Ni mbali pia: kurudi stesheni ni zaidi ya nusu saa ya pedeli, na baiskeli ina saa yake ya kurudishwa. Mtaka yote hukosa yote. Kama ulifika saa tano, acha Lokayasutharam uende hapa.

Hatua ya kumi: kurudi

Ukirudi pitia barabara ya U Thong, upande wa kusini wa kisiwa, karibu na hospitali. Utaona vibanda vimejipanga, vingi vya Waislamu, na mifuko ya nyuzi za sukari za kijani na pinki ikining'inia. Hiyo ni roti sai mai. Unapewa vichapati vyembamba kama karatasi na mfuko wa nyuzi, unafunga mwenyewe. Mfuko ni kama baht 40.

Rudisha baiskeli, chukua amana yako, vuka mto. Treni ya jioni huchelewa, usiweke miadi Bangkok kabla ya saa tatu usiku. Hesabu yangu ya mwisho: nauli za ndani ya Bangkok 100, treni 30, kivuko 20, baiskeli 50, viingilio 150, chakula na maji 110, roti 40. Baht 500 kamili.

Ule mfuko wa roti ufungue ndani ya treni, dirishani. Kunja roti upesi, weka nyuzi chache tu, na usiufungue treni ikiwa kwenye mwendo kasi kama mimi, maana upepo utachukua sukari yote uigawie behewa zima.